Vyaelea Vimeundwa: Somo juu ya Tabia ya Amplifaya za Redio

MTANGAZAJI: Karibuni katika somo letu la juma hili la elimu ya watu wazima. Wenyeviti wa vikundi, tafadhali angalieni kama ubao upo, chaki ipo, na kila mtu amekaa mahali anapoweza kusikia. Wenye madaftari yafungueni. Leo kutakuwa na hesabu kidogo, lakini si hesabu ya kumtisha mtu. Mwalimu yupo hapa pamoja nami. Karibu, Mwalimu.

MWALIMU: Ahsante sana, ndugu Mtangazaji. Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Kigoma, wa Ujiji, na wa mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, nawasalimu.

Juma lililopita tulijifunza jinsi mnara wa simu unavyopeleka sauti kwa mawimbi ya redio. Leo twasonga mbele hatua moja. Tutazungumza juu ya amplifaya, yaani kile chombo kinachopokea mawimbi dhaifu na kuyatoa yakiwa na nguvu. Tutauliza hivi: mafundi wanajuaje, kabla mnara haujasimamishwa, kwamba chombo hicho kitafanya kazi sawasawa?

Tuanze na jambo ambalo kila mtu amelisikia kwa masikio yake. Tuseme kuna harusi Ujiji. Vipaza sauti vimefungwa juu ya mwembe, mwimbaji anaimba, na sauti ni safi. Kijana mmoja anaona kwamba watu wa nyumba za mbali hawafaidi, basi anazungusha kitufe. Sauti inakua, vizuri. Anazungusha tena. Safari hii sauti haikui sana, bali inaanza kukwaruza. Anazungusha mpaka mwisho, na sasa maneno ya mwimbaji hayasikiki, ni mngurumo tu. Mwimbaji hajabadilika, na wimbo ni ule ule. Aliyeuharibu ni nani? Ni amplifaya iliyopewa kazi kupita uwezo wake.

Harusini sauti ikikwaruza, watu hucheka, na kijana huambiwa apunguze. Lakini mnara wa simu nao una amplifaya, na huko jambo hili si la kuchekesha. Fikirini vijiji vya mwambao wetu, kuanzia Kagunga kaskazini karibu na mpaka wa Burundi, hadi Kalya kusini kupita milima ya Mahale. Mahali pengi huko boti ndiyo gari. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, simu ndiyo inayoita boti. Mvuvi akichelewa kurudi, simu ndiyo inayouliza kama ameonekana kijiji cha jirani. Tena kumbukeni mwezi wa Mei mwaka 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika Kagunga, na meli ya Liemba ikawachukua kuwaleta Kigoma. Siku kama hizo kila mtu anamtafuta ndugu yake. Mnara unaopeleka mawimbi yaliyoharibika unawanyima watu msaada saa ile ile wanapouhitaji.

Kwa hiyo fundi hana budi kujua mapema. Hawezi kungoja siku ya shida ndipo ajaribu.

MTANGAZAJI: Mwalimu, nina swali. Kwa nini amplifaya ianze kukwaruza? Kama inaweza kukuza kidogo, kwa nini isiweze kukuza sana?

MWALIMU: Swali zuri. Jibu lake liko pale mwaloni Kibirizi. Mwulizeni nahodha yeyote wa boti ya mashine. Atawaambia kwamba ukiongeza mafuta kidogo, boti inaongeza mwendo kidogo. Ukiongeza tena kidogo, mwendo nao unaongezeka tena kidogo. Hapo tunasema mambo yanakwenda sawia. Lakini endelea kuongeza. Mashine inalia, maji yanaruka, mafuta yanakwisha, na mwendo hauongezeki tena. Chombo kimefika kikomo chake.

Amplifaya ni vivyo hivyo. Nguvu zake hazitoki hewani, zinatoka katika betri au waya wa umeme unaoilisha. Haiwezi kutoa zaidi ya ile inayolishwa. Basi ishara ndogo ikiingia, inakuzwa sawia. Ishara kubwa ikiingia, vilele vyake vinagonga dari na kubonyezwa. Wataalamu wana kipimo kimoja mashuhuri cha jambo hili: wanatafuta mahali ambapo nguvu inayotoka imepungua kwa desibeli 1, yaani kama sehemu moja katika tano, chini ya ile iliyotarajiwa. Hapo ndipo wanapoweka alama na kusema, "Kuanzia hapa, angalia."

Sasa andikeni ubaoni. Nawapa amplifaya ya mfano, ya kufanyia mazoezi tu. Amplifaya hii inatakiwa kukuza mara 10. Lakini tabia yake ya kweli ni hii:

Ukiingiza volti 2, hutoka volti 19.6.
Ukiingiza volti 4, hutoka volti 36.8.
Ukiingiza volti 6, hutoka volti 49.2.
Ukiingiza volti 8, hutoka volti 54.4.

Tazameni. Mstari wa kwanza ulitakiwa kuwa 20, umepungua kidogo sana. Mstari wa mwisho ulitakiwa kuwa 80, umepungua zaidi ya volti 25. Kadiri unavyoilazimisha, ndivyo inavyozidi kukupunja.

Mistari hiyo minne inaweza kuandikwa kwa kanuni moja fupi. Chukua volti zinazoingia, zidisha kwa 10. Weka kando. Kisha chukua volti zile zile, zizidishe kwa zenyewe mara tatu, yaani kipeo cha tatu, ukagawe kwa 20. Toa hesabu ya pili katika ile ya kwanza. Tujaribu kwa volti 4. Mara 10 ni 40. Kipeo cha tatu cha 4 ni 64. Gawa kwa 20, unapata 3.2. Toa 3.2 katika 40, unabakiwa na 36.8. Ndiyo namba iliyoandikwa ubaoni.

Wasikilizaji, kanuni hiyo fupi ndiyo habari kuu ya somo la leo. Wataalamu huiita kielelezo cha tabia. Haisemi amplifaya imetengenezwa kwa nini. Haisemi ndani mna transista ngapi. Inasema tu: ukiipa hiki, itakupa kile.

MTANGAZAJI: Lakini Mwalimu, si ingekuwa bora kufungua sanduku, ukatazama kila kilichomo, ukahesabu?

MWALIMU: Ndugu yangu, nitakujibu kwa habari za Liemba, maana wazee wa Kigoma wanaijua kuliko mimi. Meli ile iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya. Ikashushwa majini mwezi wa Februari mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isishikwe na adui. Ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wahenga walisema kweli: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi kuna watu wa namna mbili walioijua meli hiyo. Wa kwanza ni fundi aliyeiunga. Yeye anajua kila bamba na kila ribiti, kipi kinashikana na kipi. Wa pili ni nahodha. Nahodha huenda asijue idadi ya ribiti, lakini anajua hivi: meli ikiwa na shehena nzito, ukizungusha usukani kiasi hiki, itageuka polepole kiasi hiki, ukizima mashine mahali hapa, itakwenda yenyewe hadi gatini pale. Fundi anajua muundo. Nahodha anajua tabia.

Ikiwa unataka kutengeneza ubavu uliotoboka, mwite fundi. Lakini ikiwa unataka kupanga safari ya kutoka Kigoma hadi Kasanga, pamoja na bandari zote za njiani, pepo na shehena, hutaki hesabu ya ribiti. Wataka maarifa ya nahodha.

Mnara wa simu ni safari ndefu ya namna hiyo. Ndani yake mna mitambo mingi iliyofuatana: inayotengeneza ishara, inayoichuja, inayoikuza, antena, kisha hewa na maji ya ziwa katikati, kisha simu mkononi mwa mtu. Fundi anataka kuuiga mnara wote ndani ya kompyuta kabla haujajengwa. Akitaka kuhesabu kila transista, tazameni atakavyopata taabu. Mawimbi ya simu yenye masafa ya megahezi 1,800 hutikisika mara 1,800,000,000 kwa sekunde moja. Kompyuta ikipiga hatua 20 tu kwa kila mtikisiko, inahitaji hatua 36,000,000,000 ili iige sekunde moja, na kwa kila hatua ipige hesabu za sakiti nzima.

Lakini habari inayobebwa na mawimbi hayo haibadiliki upesi kama mawimbi yenyewe. Ni kama boti na abiria: boti inayumba kwa kila wimbi, lakini abiria wanapanda na kushuka bandarini tu. Ishara ya simu ya 4G yenye upana wa megahezi 20 inaweza kufuatwa kwa hatua kama 100,000,000 kwa sekunde. Hizo ni chache mara 360 kuliko zile za kwanza, na kila hatua ni kanuni fupi kama ile ya ubaoni. Hesabu iliyoshindikana sasa inawezekana.

MTANGAZAJI: Hapo nimekuelewa. Sasa Mwalimu, ulisema sauti inakwaruza. Je, kubonyezwa kwa kilele ndiyo hasara yote?

MWALIMU: La, iko hasara nyingine mbaya zaidi, maana inamwangukia jirani asiye na kosa. Fikirini mtumbwi wenye wapiga makasia wawili. Mmoja anapiga haraka kidogo kuliko mwenzake. Kwa kawaida makasia yao yanapishana. Lakini kila baada ya muda makasia yanaangukia pamoja. Hapo mtumbwi unasukumwa kwa nguvu mno, na maji yanaingia juu ya ubavu. Sasa sikilizeni mlio wa maji yanayoingia. Una mapigo yake. Si mapigo ya mpiga kasia wa kwanza, wala si ya wa pili. Ni mapigo mapya, yaliyozaliwa na mtumbwi uliofika kikomo.

Amplifaya inayopewa ishara mbili pamoja hufanya hivyo hivyo. Vilele vinapokutana vinabonyezwa, na kule kubonyezwa kunazaa ishara mpya. Tuseme ishara moja iko katika megahezi 95.5 na nyingine 107.5. Hayo ni masafa ya redio za FM. Zidisha ya pili kwa mbili: 215. Toa 95.5. Unapata 119.5. Sasa, megahezi 119.5 si mali ya redio za FM. Iko ndani ya masafa ambayo marubani wa ndege huzungumza na waongozaji wao, kuanzia 118 hadi karibu 137. Mnaona hatari yake? Watu wawili wanarusha muziki wao kwa halali, lakini amplifaya isiyosimamiwa inaweza kumpigia kelele rubani anayetafuta uwanja wa ndege. Ndiyo maana mafundi huweka vichujio, na ndiyo maana hupiga hesabu hizi kabla ya kuwasha mitambo.

Angalieni pia kwamba ile hesabu ya kuzidisha kwa mbili na kutoa inatoka moja kwa moja katika kipeo cha tatu cha kanuni yetu. Kanuni ambayo ni sawia tupu haiwezi kuzaa ishara mpya. Kwa hiyo kielelezo cha tabia hakituambii tu kwamba sauti itapungua. Kinatuambia pia ni jirani yupi ataumizwa, na kwa kiasi gani.

MTANGAZAJI: Basi, Mwalimu, dawa si rahisi? Tusiilazimishe amplifaya. Tuiendeshe polepole, mbali na kikomo.

MWALIMU: Naam, hiyo ni dawa ya kale, nayo yafanya kazi. Akiba haiozi. Lakini ina gharama yake. Ishara za simu za 4G zimefungwa pamoja kutokana na ishara nyembamba nyingi. Katika upana wa megahezi 20 ziko 1,200. Mara kwa mara nyingi huinuka pamoja, na kilele kinaweza kufika mara kama 10 ya nguvu ya wastani. Ukitaka kilele hicho kisiguse dari, lazima amplifaya iwe kubwa na ifanye kazi muda mwingi mbali chini ya uwezo wake. Amplifaya ya kawaida ikiendeshwa hivyo, katika kila wati 100 inazokula huenda isitoe hata wati 20. Zilizobaki zinakuwa joto tupu.

Mjini, palipo na waya wa umeme, hasara hiyo ni ya fedha. Kijijini, ambako mnara unategemea jua na betri, au jenereta ambayo mafuta yake yanaletwa kwa boti, hasara hiyo huweza kuwa tofauti kati ya mnara unaowaka usiku kucha na mnara unaozimika alfajiri.

Ndipo wataalamu walipotafuta njia nyingine. Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa simu wa Marekani, alikuwa ndani ya pantoni akivuka mto Hudson kwenda kazini New York. Kwa miaka kadhaa alikuwa akisumbuliwa na amplifaya zilizokwaruza katika nyaya ndefu za simu. Humo pantonini wazo likamjia, akalichora juu ya gazeti alilokuwa nalo: chukua sehemu ya kinachotoka, uirudishe mwanzoni ikiwa kinyume, ipunguze kosa. Wavuvi wangu, msidhani fikra kubwa huzaliwa ofisini tu. Nyingine huzaliwa juu ya maji.

Mwaka 1936 Mmarekani mwingine, William Doherty, alibuni amplifaya ya sehemu mbili. Sehemu moja hufanya kazi wakati wote, na ya pili huja kusaidia wakati wa vilele tu, kama mtu anayevuta wavu peke yake na kumwita mwenzake dagaa wakiwa wengi. Amplifaya hiyo huokoa nguvu nyingi, na leo minara mingi ya simu duniani hutumia wazo hilo. Lakini tabia yake imepinda zaidi. Kwa hiyo kielelezo cha tabia kikawa cha lazima zaidi.

Kielelezo kinasaidiaje? Mnajua mtu anayevuka maji wakati upepo unavuma kutoka ubavuni. Hauelekezi mtumbwi moja kwa moja kule aendako. Anaelekeza omo juu ya upepo, na upepo unamrudisha, akafika pale pale alipotaka. Fundi hufanya hivyo. Turudi ubaoni. Nataka zitoke volti 40. Kama amplifaya ingekuwa sawia, ningeingiza volti 4. Lakini najua nitapata 36.8 tu. Basi naingiza volti 4.44. Pigeni hesabu: zitatoka 40 na chembe kidogo. Nimeipotosha ishara kwa makusudi kabla haijaingia, ili upotofu wa amplifaya uinyooshe. Katika minara ya sasa kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo, mamilioni ya mara kwa sekunde.

Ila angalieni, nikitaka volti 60 hakuna ujanja utakaonisaidia. Amplifaya yetu haifiki hata 55. Maarifa huinyoosha njia. Hayaongezi nguvu ambayo haipo.

MTANGAZAJI: Mwalimu, dakika zinatukimbia. Tueleze namna kielelezo kinavyotengenezwa.

MWALIMU: Nitaeleza kwa hatua nne.

Ya kwanza ni kupima. Amplifaya inawekwa mezani, inaingizwa ishara ndogo, ya kati na kubwa, na kila kinachotoka kinaandikwa. Haipimwi nguvu tu. Hupimwa pia kama wimbi linachelewa, kwa maana amplifaya ikilemewa, wimbi hutoka likiwa limesogea kidogo katika mwendo wake.

Ya pili ni kuchagua kanuni. Ziko nyingi. Mwaka 1981 Adel Saleh alitoa kanuni ya amplifaya za mirija zilizotumika katika setilaiti. Namba nne tu zilitosha, mbili kwa nguvu na mbili kwa kuchelewa. Mwaka 2006 Jan Verspecht na David Root walieleza njia ya kuandika tabia ya chombo pamoja na ishara zote zinazozaliwa katika masafa ya juu yake.

Ya tatu ni kukumbuka. Nahodha akizima mashine, boti haisimami papo hapo. Bado inabeba mwendo wa dakika iliyopita. Amplifaya nayo ina kumbukumbu. Ikitoka kubeba kilele kikubwa, transista yake imepata joto, na ishara inayofuata haikuzwi kama ile iliyopita. Basi kanuni nzuri haitazami kinachoingia sasa peke yake. Inatazama pia kilichoingia kitambo kidogo kilichopita. Msingi wa hesabu hizo uliwekwa na Mwitaliano Vito Volterra tangu mwaka 1887, kabla redio haijakuwako.

Ya nne ni kutahini. Ninyi mmesoma, mwajua kwamba mwalimu hamtahini mwanafunzi kwa maswali yale yale aliyomfundishia. Akifanya hivyo hatajua kama mwanafunzi ameelewa au amekariri. Kielelezo vile vile lazima kijaribiwe kwa ishara ambayo hakijapata kuiona. Kikitabiri vyema, kinaaminiwa. Kisipotabiri, kinarudishwa darasani.

MTANGAZAJI: Na kikifaulu mtihani, kinaaminiwa daima?

MWALIMU: Hapo ndipo penye onyo la leo. Chukueni kanuni yetu. Tulipima kutoka volti 2 hadi 8. Sasa mtu mvivu anaiuliza kanuni juu ya volti 15. Mara 10 ni 150. Kipeo cha tatu cha 15 ni 3,375. Gawa kwa 20, ni 168.75. Toa. Unapata volti 18.75 chini ya sifuri! Yaani kanuni inadai kwamba kadiri unavyoingiza kwa nguvu, ndivyo amplifaya inavyogeuka na kukurudisha nyuma. Huo ni upuuzi. Kanuni haikusema uongo kuanzia 2 hadi 8. Imesema uongo kwa kuwa imeulizwa jambo ambalo haikupimiwa.

Ziwa letu lenyewe limewahi kuwafundisha watu somo hilo. Mwaka 1874 Cameron alifika mto Lukuga, upande wa Kongo, akasema huo ndio mlango ambao maji ya Ziwa Tanganyika hutokea. Mwaka 1876 Stanley akapita hapo, akaukuta umezibwa na matete, maji hayatoki. Ziwa lilikuwa likipanda. Mtu aliyelipima miaka hiyo angeweza kuandika kanuni: mvua ikinyesha kiasi hiki, ziwa linapanda kiasi hiki. Lakini maji yalipofika kimo fulani, kizuizi kikavunjika. Mwaka 1879 Edward Hore, nahodha wa misheni aliyekaa Ujiji, aliukuta Lukuga ukitoka kwa nguvu. Ziwa likashuka kwa miaka mingi. Kanuni ya jana ikawa haina kazi tena. Na sisi wenyewe tumeona katika miaka ya 2020 jinsi maji yalivyopanda na kufunika sehemu za ufukwe ambazo watu walizizoea kuwa nchi kavu.

Liemba nayo ni ushahidi. Katika miaka ya 1970 mashine zake za mvuke zilitolewa, zikawekwa za dizeli. Jina ni lile lile na umbo ni lile lile, lakini nahodha alikuwa na mashine nyingine chini ya miguu yake. Amplifaya nayo ikibadilishwa transista, au ikizeeka, au ikihamishwa kutoka chumba chenye ubaridi hadi juani, tabia yake hubadilika. Lazima ipimwe tena.

Kwa hiyo fundi mwaminifu haandiki kanuni peke yake. Anaandika pia mpaka wake: "Nimepima kutoka hapa hadi hapa, katika joto hili, kwa ishara ya namna hii." Mstari huo mmoja ni mfupi, lakini ndio unaomlinda mama wa Kagunga na mvuvi aliye mbali na nchi kavu. Mtu akikuletea kanuni isiyo na mpaka, mwulize: uliipima wapi?

MTANGAZAJI: Ahsante sana, Mwalimu. Tafadhali tufungie somo kwa ufupi.

MWALIMU: Yakumbukeni mambo matatu. Kwanza, amplifaya yoyote ni sawia kwa ishara ndogo tu; ikilemewa, hupunguza na huzaa ishara mpya zinazosumbua wengine. Pili, si lazima kujua muundo wote wa chombo ili kupanga kazi yake. Tabia iliyopimwa vizuri yatosha, na hurahisisha hesabu mara nyingi. Tatu, tabia iliyopimwa ni kweli ndani ya mipaka ya vipimo vyake, si nje.

MTANGAZAJI: Wenyeviti wa vikundi, haya ndiyo maswali ya mazungumzo yenu. Andikeni.

1. Tumieni kanuni ya ubaoni. Ukiingiza volti 5, zitatoka ngapi? Zimepungua ngapi kuliko zilizotarajiwa?

2. Ishara mbili ziko katika megahezi 92 na 93.5. Zidisha ya kwanza kwa mbili ukatoe ya pili. Kisha zidisha ya pili kwa mbili ukatoe ya kwanza. Ni masafa gani mapya yatakayozaliwa?

3. Tajeni kitu kimoja cha kazi zenu, kama vile wavu, baiskeli, cherehani au mashine ya kusaga, ambacho mwakijua kwa tabia bila kukifungua. Je, kikomo chake ni kipi?

4. Kuna jambo gani hapa kwetu ambalo watu hulitabiri kwa mazoea ya zamani, ingawa hali imekwisha badilika? Lipimwe upya kwa njia gani?

Jadilianeni kwa utaratibu, kila mtu apewe nafasi, na aliye kimya aulizwe maoni yake. Majibu ya maswali mawili ya kwanza tutayatoa mwanzo wa somo lijalo. Juma lijalo Mwalimu atatueleza juu ya antena, na kwa nini mawimbi ya redio husafiri juu ya maji tofauti na yanavyosafiri juu ya milima. Mpaka wakati huo, wasikilizaji wapenzi, kwaherini.